Uzi: Nilitafuta ukoo wa Kiskoti wa wanangu, jibu la kijiji cha Assynt nikalikuta kwenye cheti cha kifo New Zealand

MamaPacha_Tanga

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, nitauweka kwa vipande maana naandika usiku watoto wakishalala.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Uskoti, tunaishi Inverness. Tuna mapacha wa miaka tisa. Mwaka jana shuleni waliambiwa wachore mti wa ukoo, upande wangu nikawatajia palepale jikoni nikiwa nakuna nazi, babu, baba wa babu, mpaka yule aliyetoka Pangani akaja mjini, sikufungua karatasi yoyote. Upande wa baba yao tukakwama mapema. Mama mkwe ana miaka 77 na kichwa chake bado kizima kabisa, lakini alichokuwa nacho ni sentensi moja tu, kwamba bibi wa bibi yake alikuwa na kaka "aliyepotelea Australia". Basi. Jina hakuna, mwaka hakuna, kijiji hakuna.

Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Mama mkwe ananiambia zamani kwao ukiingia kijiji cha Wagaeli, wale Waskoti wenye lugha yao ya Kigaeli, hawakuulizi kwanza unaitwa nani, wanakuuliza "Cò leis thu?", yaani wewe ni wa nani. Nikanyamaza kabisa. Bibi yangu kule Ngamiani ndivyo alivyokuwa akimuuliza kila mtoto asiyemjua akisimama mlangoni, mwana wa nani wewe? Nikasema wanangu hawa lazima wawe na jibu la pande zote mbili.

Imenichukua miezi 14. Nitaeleza nilivyofanya na nilipokosea, maana najua humu kuna wenzangu walioolewa au kuoa Waskoti, na wengine wanalea wazee wa asili hiyo huko Kanada na Australia, na wazee hao wanauliza maswali haya haya.

Nilianza na makaratasi. Uskoti walianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Januari 1855. Na vyeti vyao ni vizuri jamani, cheti cha kifo kinataja baba wa marehemu na mama wa marehemu pamoja na jina la mama la kwao kabla hajaolewa. Cheti cha ndoa hivyohivyo, wazazi wa pande zote. Kwa hiyo unapanda ngazi, cheti cha huyu kinakutajia wazazi, unatafuta ndoa ya wazazi, ndoa inakutajia bibi na babu. Vyote vipo kwenye tovuti ya serikali inaitwa ScotlandsPeople, kutafuta jina ni bure, ukitaka kuona picha ya cheti chenyewe unalipa ada ndogo. Kuna mipaka: kizazi mpaka kipite miaka 100, ndoa 75, kifo 50, chini ya hapo picha huioni mtandaoni.

Kwa njia hiyo kutoka kwa mama mkwe nikapanda mpaka 1844 kwa jioni mbili tu. Nikajiona bingwa. Ndipo nikagonga mwamba.

Kipepeo88

Nipo hapa nimekaa. Mwamba gani sasa? Malizia dada usituache njiani

MamaPacha_Tanga

Naendelea.

Huyo wa 1844 ni mama wa bibi yake mama mkwe. Kabla ya 1855 hakuna vyeti, kuna rejista za kale za parokia tu, za Kanisa la Uskoti, kongwe kuliko zote ni ya Errol kule Perthshire, ya 1553. Lakini huku Nyanda za Juu, kaskazini mwa Uskoti, nyingi zilianza kuandikwa miaka ya mwisho mwisho ya 1700, na zina matundu. Nikatafuta ubatizo wa 1844 parokia ya Assynt, mkoa wa Sutherland, pwani ya magharibi. Hakuna. Nikapindua jina kila namna. Hakuna.

Nilikaa wiki tatu nikidhani nimekosea mtu, kumbe tatizo ni historia. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka, theluthi moja hivi ya wachungaji wakatoka wakaanzisha Kanisa Huru, chanzo ni nani mwenye haki ya kuuchagulia usharika mchungaji, waumini au mwenye ardhi. Huku kaskazini watu wa kawaida karibu wote walitoka. Sasa mtoto wa 1844 wa wazazi waliohamia Kanisa Huru hawezi kuwa kwenye rejista ya kanisa la zamani! Kwa hiyo mkikosa ubatizo wa baada ya 1843 msifikiri mtu hakuwepo. Mimi nilimpata kupitia cheti chake cha ndoa, kinamtaja mama yake, na mama yake huyo ndiye bibi wa bibi, ndiye dada wa yule kaka "aliyepotelea Australia".

Nikatafuta kifo cha bibi huyo. Alifariki 1859, umri 56. Hapa nikalia kidogo, nawaambia ukweli. Vyeti vya mwaka wa kwanza, 1855, vilikuwa na kila kitu, mahali ulipozaliwa, mume, watoto wote na umri wao. Makarani wakalalamika kazi ni nyingi, wakapunguza. Kuanzia 1856 mpaka 1860 cheti cha kifo hata jina la mume au mke hakina, mpaka 1861 ndio likarudi. Bibi yetu kafia humo katikati. Na aliyetoa taarifa kwa msajili alikuwa jirani tu, akamtaja baba wa marehemu kuwa mkulima wa kishamba cha kukodi, jina la mama akaliacha wazi. Mstari mtupu.

Kwenye rejista ya parokia kuna wasichana watatu wa jina lake, wanaokaribiana umri, baba zao wote watatu wana jina moja. Na karani wa parokia mara nyingi hakuona haja ya kumwandika mama. Ukoo wenyewe ni MacLeod, na Assynt ukirusha jiwe linampiga MacLeod au Mackenzie. Watatu, na hakuna hata karatasi moja Uskoti nzima ya kunitenganishia.

Mzee Kobe

Hongera kwa kazi mama pacha. Lakini naomba kuuliza, hawa watu ndio waliokuja kututawala, sisi tunatafutiana nini na makaburi yao? Si kwa ubaya.

MamaPacha_Tanga

Mzee Kobe shikamoo. Swali ni la haki wala sijakasirika. Waskoti walikuwemo kwenye himaya tena sana, Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza iliyopewa hati 1888 mkuu wake alikuwa William Mackinnon, mtu wa Campbeltown. Sitafuti kumsafisha yeyote. Ila hawa ni damu ya wanangu, na watu wa Assynt wenyewe walifukuzwa kwenye ardhi yao na mwenye mali, tena kwa karatasi ya mahakama na kwa moto. Ardhi yote ile ilikuwa ya Countess wa Sutherland. Kati ya 1812 na 1821 vijiji vya ndani vya Assynt vilisafishwa ili kondoo wapate malisho, watu wakasukumwa pwani kwenye mawe, wakaambiwa wavue samaki na wachome mwani. Kule Strathnaver 1814 wakala Patrick Sellar alichoma nyumba, mpaka akashtakiwa kwa kifo cha watu. Kesi ilisikilizwa hapahapa Inverness ninapoishi, Aprili 1816. Akaachiwa huru.

Tena Livingstone mwenyewe, ambaye kila mmoja wetu kamsoma shule ya msingi, babu yake alikuwa mhamaji. Alitoka kisiwa cha Ulva 1792 akaenda Blantyre kutafuta kazi za viwandani. Mjukuu akazaliwa huko 1813 na akiwa na miaka kumi akaingia kiwanda cha pamba.

WaThogoto

Kwetu Kiambu kuna mahali panaitwa Thogoto, jina lenyewe ni Scot hilo lilivyotamkwa na wazee wetu, misheni ya Kanisa la Scotland ilikuwa hapo. So hii stori si ya mbali hivyo.

Swali langu, umejaribu kufuata majina ya watoto? Sisi Wagikuyu mtoto wa kiume wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, msichana wa kwanza nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Ukinipea watoto wa mtu kwa mpangilio naweza kukuambia wazazi wake. Nilisikia Waskoti nao wako hivyo.

MamaPacha_Tanga

WaThogoto umenigusa penyewe. Ndiyo, wako hivyo, tofauti ni wasichana. Kwao wa kiume wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe. Msichana wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa MAMA, wa pili bibi mzaa baba, wa tatu mama mwenyewe. Haikuwa sheria, wengine walivunja, wengine walimwita mtoto jina la mchungaji au la mke wa mwenye ardhi. Lakini ilinisaidia sana. Binti wa kwanza wa bibi yetu alikuwa na jina la Kigaeli Oighrig. Basi mama wa bibi inaelekea aliitwa Oighrig.

Shida sasa, Oighrig makarani walioandika kwa Kiingereza hawakujua kuliandika. Mtu mmoja huyohuyo atakuwa Effie kwenye sensa, Euphemia kwenye ndoa, Henrietta kwenye kifo. Tormod ni Norman. Gilleasbuig ni Archibald, hayafanani hata kidogo. Eachann ni Hector. Kama hujui hilo utawahesabu watu watatu wakati ni mmoja.

Na kijijini hawakutumia kabisa hayo majina ya rejista. Walitumia "mac", mwana wa, na "nighean", binti wa, kama vile sisi bin na binti. Fulani bin fulani bin fulani, wanaita sloinneadh, mtu mzima aliweza kutaja babu saba au nane bila kupumua. Mama mkwe anasema bibi yake alikuwa anaitaja yote wakiwa wanakata majani ya ng'ombe na yeye mtoto hakusikiliza. Hilo linamkera mpaka leo.

Nikapata wawili kati ya wale watatu wenye mama mwenye jina linaloweza kuwa Oighrig, mwingine mama hakuandikwa. Bado nusu kwa nusu.

Niseme na kosa langu hapa. Kuna miti ya ukoo ya watu mtandaoni, nikakuta mmoja umejaa vizuri, una wazazi wa bibi, una tarehe, nikaunakili wote kwenye daftari nikawaambia watoto. Miezi minne. Kumbe aliyeuandika alinakili kwa mwingine na huyo kwa mwingine, na wa kwanza kabisa alichagua mmoja kati ya wale wasichana watatu kwa kubahatisha tu. Daftari lile nilichana kurasa. Mkiona mti wa mtu uchukulieni kama uvumi mzuri, nendeni kwenye picha ya karatasi yenyewe.

Kipepeo88

Na huyo kaka wa Australia je?

MamaPacha_Tanga

Huyo ndiye aliyetutoa.

Mwezi wa tano tulipakia watoto kwenye gari, mimi, mume na mama mkwe, tukaenda Assynt, ni kama saa mbili kutoka hapa, unapita Ullapool. Barabara nyembamba, maziwa madogo madogo kila kona, mlima Suilven umesimama peke yake. Tukaenda makaburi ya Stoer kuangalia jiwe kwa jiwe. Mawe mengi yamekula ukungu. Naomba msikwangue kwa brashi ya chuma, mnaharibu, sisi tulimwaga maji safi tukasubiri jua la jioni liangaze kwa pembeni, maandishi yakajitokeza yenyewe.

Jiwe la bibi lilikuwa limelala nusu kwenye nyasi. Jina lake, 1859. Chini jina la mumewe, lile lililokosekana kwenye cheti. Na chini kabisa kwa herufi ndogo, na kaka yake, aliyefariki Waipu, New Zealand, 1878.

Haikuwa Australia. Mama mkwe alikaa chini kwenye nyasi akashika lile jiwe.

Waskoti wana desturi hii, waliobaki waliwaandika kwenye jiwe la nyumbani hata waliozikwa ng'ambo. Kwa hiyo makaburi ni sehemu ya orodha ya wahamiaji, na pengine ndiyo orodha pekee, kwa sababu serikali ya Uingereza haina orodha za abiria waliotoka kabla ya 1890.

Sasa Waipu. Niliandika neno hilo kwenye kompyuta usiku uleule tukiwa kwenye nyumba ya wageni Lochinver, na sikulala.

Kulikuwa na mtu anaitwa Norman McLeod, kazaliwa 1780 hapohapo karibu na Stoer. Alisomea uchungaji akaacha kwa sababu aliona kanisa limelegea, akawa anahubiri mwenyewe, akagombana na mchungaji wa Ullapool alikokuwa mwalimu. 1817 akapanda meli Frances Ann akaenda Pictou, Nova Scotia, huko Kanada. Watu wakamfuata. 1820 akawahamisha tena kwa mashua waliyojenga wenyewe, wakatua St Ann's, kisiwa cha Cape Breton, wakafyeka msitu wakaanza upya. Ndugu na majirani wa Assynt wakaendelea kuwafuata miaka hiyo. Alikuwa mtu mkali sana, mchungaji, mwalimu na hakimu wa kijiji kwa pamoja, na sitawaficha, nikimsoma naona alibana watu. Lakini waliendelea kumfuata, hilo ni kweli.

Miaka ya 1840 mwishoni viazi vikaoza mashambani, njaa. Ikaja barua ya mwanawe McLeod kutoka Australia akisifia nchi. Mzee ana miaka 71. Wakajenga meli zao wenyewe, wavuvi na wakulima hao. Ya kwanza, Margaret, iling'oa nanga Oktoba 1851, ikafika Adelaide Aprili 1852. Wakakuta Australia imechanganyikiwa na dhahabu, ardhi hakuna, wakaenda Melbourne, mwishowe wakaomba ardhi New Zealand na 1854 wakaanza kuhamia Waipu, kaskazini mwa Auckland. Meli tano zikawafuata kutoka Nova Scotia, Highland Lass, Gertrude, Spray, Breadalbane na Ellen Lewis, ya mwisho ikafika 1860. Zaidi ya watu 800 kwa jumla. McLeod akafia hukohuko Waipu 1866.

Ndiyo maana familia ilibaki na neno "Australia". Barua ya mwisho iliyofika Assynt pengine iliandikwa wakati safari ilikuwa bado ni ya Australia. Ilikuwa kweli siku ilipoandikwa.

Msafiri_CapeBreton

Dada nimesoma nikiwa nimesimama. Mimi nasoma chuo Cape Breton, natoka Mwanza. St Ann's napita kila mara, kuna chuo cha Kigaeli pale, Colaisde na Gàidhlig, kipo tangu 1938 na kiko kwenye ardhi iliyokuwa ya huyo huyo McLeod. Mabango ya barabarani huku baadhi yana Kigaeli. Kuna wazee bado wanakizungumza, kilikuja na meli miaka 200 iliyopita, na wanaulizana ukoo kama alivyosema mama mkwe wako.

Ila nikutahadharishe kuhusu karatasi za huku maana nilimsaidia mama mwenye nyumba wangu kutafuta. Nova Scotia waliandikisha vizazi na vifo 1864 mpaka 1877 tu, halafu wakaacha kabisa hadi 1908. Ndoa ndio ziliendelea. Na sensa ya 1838 ina jina la mkuu wa kaya tu, mke na watoto ni idadi.

MamaPacha_Tanga

Asante sana mdogo wangu wa Mwanza, na mabango hayo nipigie picha nimuoneshe mama mkwe tafadhali.

Umesema kweli kuhusu Nova Scotia, mjomba wetu (nimeshaanza kumwita mjomba) aliishi huko kama miaka 30 na alichoniachia ni kivuli tu. Alioa huko, akapata watoto huko, halafu yeye na familia nzima wakapanda Gertrude 1856. Hilo la meli wamelihifadhi watu wa Waipu, wana makumbusho yao na wanafuatilia koo za meli zote sita kwa bidii ambayo sijawahi kuiona.

Lakini kilichoniokoa ni mwaka aliokufa. Jiwe linasema 1878. Vyeti vya vifo vya New Zealand vya kabla ya 1876 ni vifupi, jina, umri, ugonjwa. Kuanzia 1876 wakaongeza: baba, mama na jina la mama la kwao, alizaliwa wapi, yupo New Zealand miaka mingapi, alioa wapi na umri gani, watoto walio hai. Dada yake kafariki kwenye ile miaka mibaya ya Uskoti, kaka kafariki miaka miwili baada ya New Zealand kuanza kuandika vizuri!

Nikaagiza kwa mtandao. Ikaja kwa imeili siku ya Alhamisi nikiwa kazini. Nilisubiri mapumziko ya chai nikaenda kukaa kwenye gari ndio nikafungua.

Kazaliwa Assynt, Sutherland. Baba, jina lilelile. Mama, Euphemia, na jina la kwao lipo, limeandikwa wazi, si MacLeod wala Mackenzie. Ni la ukoo mdogo. Kati ya wale wasichana watatu mmoja tu ndiye ambaye mama yake ana jina hilo, na rejista ya ubatizo wake inataja kijiji. Ni kijiji cha ndani, mojawapo ya vile vilivyosafishwa kwa ajili ya kondoo. Kaka aliondoka akijua mama yake ni nani, akaolewa nalo jina hilo moyoni miaka 50 na bahari mbili, na mwanawe akaweza kulitaja kwa msajili upande wa pili wa dunia. Huku nyumbani jirani hakulijua.

Samahani, "akaolewa nalo" nimekosea kuandika, akakaa nalo moyoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote aliyekwama: muache babu yako mwenyewe kwa muda. Tafuta ndugu zake, kaka, dada, hata binamu aliyehama. Aliyebaki kijijini kila mtu alimjua ni wa nani, hakuna aliyeona haja ya kuandika. Aliyehama aliulizwa na kila karani, umetoka wapi, wazazi wako nani, na kila mara ikaandikwa.

Dada_Melbourne

Shoga mimi nalea mzee hapa Victoria, ana miaka 90, kila siku ananiambia babu zake walitoka Skye na "mtoto mmoja aliachwa njiani". Familia yake wanadhani ni mambo ya uzee. Naweza kumsaidia vipi? Hana kompyuta.

MamaPacha_Tanga

Mpenzi, una bahati kubwa, Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye vyeti bora duniani. Tangu 1853 cheti cha kifo cha hapo kinataja wazazi wa marehemu na jina la mama la kwao, mahali alipozaliwa, alikaa koloni miaka mingapi, alioa wapi, na watoto wote na umri wao, hata waliotangulia kufa. Anza na kifo cha babu yake.

Halafu, Skye. Viazi vilioza Uskoti kuanzia 1846, na kati ya 1852 na 1857 kulikuwa na chama, Highlands and Islands Emigration Society, kiliwapeleka Australia karibu watu 5,000, wengi wa visiwani na Skye hasa. Orodha zao zipo, kila familia imeandikwa na kijiji na umri wa kila mtoto, ziko mtandaoni kwenye ile tovuti ya ScotlandsPeople niliyoitaja. Linganisha watoto wa kwenye orodha ya meli na watoto wa kwenye cheti cha Victoria, anayekosekana utamuona.

Na usimpuuze mzee. Meli mojawapo ya chama hicho, Hercules, iliondoka Campbeltown Desemba 1852 na watu zaidi ya 700, ikapigwa na dhoruba, ikaingiwa na ndui na homa, ikakwama Ireland wiki nyingi. Watu wengi wakafa, waliopona wakagawanywa kwenye meli nyingine, na kuna yatima waliorudishwa Uskoti. Mtoto kuachwa njiani ni jambo lililotokea kweli. Magazeti ya zamani ya Australia yapo bure kwenye Trove, ya New Zealand kwenye Papers Past, tafuta matangazo ya vifo na ya ndugu wanaotafutana, yalikuwa mengi.

Muandikie majibu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umsomee.

WaThogoto

Na DNA? Ulitumia?

MamaPacha_Tanga

Nilitumia mwishoni, kuthibitisha tu. Mama mkwe alitema mate kwenye kichupa, tukapima yeye kwa sababu yuko juu zaidi kizazi, damu ya zamani kwake ni nyingi kuliko kwa mume wangu au watoto. Ukiwa na mzee mpime huyo kwanza. Ila tahadhari, Assynt ni watu wachache waliooana miaka mingi, kwa hiyo kila mtu anaonekana ndugu yako kidogo, namba ndogo zisikudanganye. Sisi tulipata watu wanne New Zealand ambao DNA yao inalingana na ya mama mkwe na pia wao kwa wao, na wote karatasi zao zinapanda kwa mjomba wa Gertrude. Hapo nikaridhika.

Majina yao siweki humu, ni watu hai na hawajaniruhusu.

Kipepeo88

Mmeongea nao?

MamaPacha_Tanga

Jumapili iliyopita, kwa video. Huku ilikuwa asubuhi, kwao usiku. Mmoja ni mama wa miaka 80 na kitu, anaishi Waipu penyewe, kila tarehe 1 Januari wanafanya michezo ya Kiskoti pale, tangu 1871. Kigaeli hana, bibi yake ndiye wa mwisho aliyekuwa nacho. Mama mkwe alivaa nguo ya kanisani. Mwanzo waliogopana, wakaongea hali ya hewa na kondoo.

Halafu yule mama akasema ana karatasi, bibi yake alimuandikisha akiwa mtoto, ni sauti tu, hajui maana yake, je mama mkwe anaweza kumwambia ni nini. Akasoma polepole, anayavunja yale maneno vibaya. Mama mkwe akamkatiza katikati, macho yamejaa, akaendelea yeye, mac fulani, mac fulani, kwa matamshi yenyewe. Ilikuwa sloinneadh. Ileile ambayo bibi yake alikuwa akiitaja wakikata majani. Alikuwa anadhani hakuisikiliza.

Ina watu wanne kupita pale rejista inapoishia. Wanangu wameiandika kwenye ule mti wa shule, na kwa mdomo wamefika wa tatu.

Dada_Melbourne nimeona ujumbe wako wa faragha, nitumie mwaka aliokufa babu wa mzee na jina la mkewe, nikimaliza zamu kesho naanza.